Mkono Katika Kinywa cha Mbwa-Mwitu

Jumapili ile filamu ya tatu ya Komanda Barafu ilipofika mtaa wa Kadutu, mjini Bukavu, watu walitoka misa ya pili wakaenda moja kwa moja kwa Papa Gaston, wengine wakiwa bado wamekumbatia vitabu vya nyimbo. Ukumbi wake wa video ulikuwa wa mbao na mabati, umebandikwa kwenye mteremko juu ya soko, na kabla ya picha kuanza mabenchi yote yalikuwa yamejaa. Waliokosa nafasi walisimama ukutani. Watoto walikaa chini, mbele kabisa, shingo zimekunjwa.

Komanda Barafu halikuwa jina lake. Alikuwa mmoja wa miungu ya kale ya watu wa kaskazini, kule kwenye theluji, ambao kabla ya Ukristo waliabudu miungu ya vita, ya radi na ya bahari. Watu wa sinema walikuwa wamemfufua, wakamvika chuma na kumpa upanga unaogandisha maji. Kadutu ilimtazama mara moja tu, ikampa cheo. Motari walichora upanga wake kwenye matangi ya pikipiki zao. Clémence wa saluni aliwasuka vijana nywele kama zake mpaka padri akalisema jambo hilo kanisani. Na vijana wa Kasha, kule Bagira, walidai kwamba wao ndio waliompenda kwanza, madai ambayo yalikuwa yameharibu urafiki wa watu wengi.

Emérence alimpenda pia, ingawa hakuwahi kumwona. Yeye aliuza sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwani, nje ya ukumbi, mgongo wake karibu ugusane na mbao, na hakuweza kuliacha beseni lake kuingia ndani. Filamu mbili za kwanza alizisikiliza tu. Mbao zilipitisha kila kitu: panga, farasi, ngurumo, na juu ya vyote sauti ya Papa Gaston, ambaye alishika mikrofoni na kutafsiri picha kwa Kiswahili cha Bukavu, akiongeza chumvi alipoona inafaa. Kwa sauti hiyo Emérence alikuwa amejitengenezea Komanda wake mwenyewe, mrefu, mweusi kama makaa, mwenye macho ya upole.

Mkono wa kuume wa Emérence uliishia chini kidogo ya kiwiko. Aliufunika kwa ncha ya kikwembe, kitenge alichojifunga, akapima sambaza, akafunga, akarudisha chenji, yote kwa mkono wa kushoto, haraka kiasi kwamba wanunuzi wengine walichelewa kugundua. Waliogundua na kuuliza walipata neno moja.

"Ajali."

Siku hiyo alisikia filamu ikianza kwa vifijo. Komanda aliingia, ukumbi ukatetemeka. Kisha sauti ya Papa Gaston ikashuka, ikawa ya mtu anayetoa siri. Mbwa-mwitu aliyelelewa na miungu amekua, akasema, amekua mpaka kichwa chake kinagusa dari ya mbinguni, na miungu inaogopa. Inataka kumfunga. Imeleta kamba laini kama hariri, imemdanganya kwamba ni mchezo. Lakini nyama ule haiko mujinga. Anasema: kama ni mchezo, mmoja wenu aweke mkono katika kinywa changu. Mkinifungua, nitamrudishia. Msiponifungua, mnajua wenyewe.

"Miungu inaangaliana," Papa Gaston alisema. "Wa radi anaangalia viatu yake. Wa bahari anakohoa. Nani? Nani ataweka?"

Mnunuzi mmoja alikuwa amesimama mbele ya Emérence akingoja sambaza. Emérence alikuwa ameshika pakiti hewani, hampi.

"Anatoka! Batu ya Kadutu, ni Komanda! Anajua ile kamba haitafunguliwa, anajua kabisa! Anaweka mukono! Ameweka!"

Ikaja sauti ambayo mbao hazikuweza kuipunguza, sauti ya meno. Halafu kicheko. Miungu mingine, mbwa-mwitu akiisha kufungwa salama, ilikuwa inacheka.

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga kelele za hasira, mtoto akalia, benchi likaanguka. "Zima!" "Wamemuharibu!" "Hii si filamu ya Komanda, ni ya uongo!" Papa Gaston, akiogopea mabenchi yake, alisimamisha picha na kutangaza kwamba jenereta inahitaji mafuta. Mlango ukafunguka, watu wakamwagika nje.

Wa kwanza kutoka alikuwa Destin, motari mwenye sauti kubwa kuliko wote, ambaye nyuma ya jaketi lake lilishonwa jina la Komanda kwa uzi mweupe. Alisimama karibu na beseni la Emérence, akavua jaketi, akalitupa chini.

"Miaka mingi namufuata ule mutu," alisema. "Miaka mingi! Leo anakuwa fala mbele yangu. Komanda gani wa mukono moja?"

"Labda utamea tena," mwenzake alisema. "Si ni mungu?"

"Hata ukimea! Shida si mukono. Shida ni akili. Angekata kichwa ya ule nyama. Angetuma mwingine. Sikiya: hakuna mutu mwenye akili anaweza kuweka mukono mahali anajua atauacha. Haiko! Katika dunia hii haiko!"

"Iko," alisema Emérence.

Hakuwa amekusudia kusema. Neno lilitoka kama kikohozi. Destin aligeuka, akatazama huku na huku, kisha akatazama chini.

"Maman, umesema?"

Emérence aliweka pakiti ya sambaza. Angeweza kusema hapana, nimeita mnunuzi, na mambo yangeishia hapo. Badala yake alisimama, na ncha ya kikwembe ikateleza, naye akaiacha iteleze. Watu waliuona mkono.

"Nimesema iko. Ni miye."

Walimzunguka. Hakuna aliyewahi kumsikia maman wa sambaza akisema maneno zaidi ya bei na asante.

"Nilikuwa Kamituga," alianza. "Kule Mwenga, kwenye dhahabu. Sisi wanawake tulitwanga mawe. Kisha wakaleta mashine ya kusaga, na sisi tukawa wa kuilisha. Kando yangu alikuwa Bintu, mutoto wa watu, si ndugu yangu, hata kabila hatukuwa moja. Siku moja mkanda wa mashine ukakamata kikwembe yake. Ukaanza kumuvuta. Mwenye mashine alikuwa mbali, anakunywa chai. Tukapiga kelele, hasikii. Bintu anakwenda. Miguu yake imeacha chini, munanielewa? Anakwenda kichwa mbele, kwenye gurudumu."

Alizungusha mkono wa kushoto hewani kuonyesha mkanda ulivyokwenda.

"Mashine kama ile haisimami mpaka kitu kiingie kati ya mkanda na gurudumu. Nilitafuta jiwe. Jiwe haliko karibu. Kijiti haiko. Basi nikatazama mkono wangu. Musiseme sikujua. Nilijua vile ninajua jina langu. Nikauweka."

"Na Bintu?" Clémence wa saluni aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bintu iko. Ameolewa, amezaa."

Kisha akawaambia lililomfanya afunge kinywa tangu hapo. Mwenye mashine alipofika na kuona mkanda umeharibika, alimwuliza nani alimtuma. Kaka yake mwenyewe alikuja hospitalini, akatikisa kichwa: mkono wa kazi, kwa ajili ya mtoto wa watu! Na wale wa machimboni walilitengeneza kuwa utani, wakacheka. Alipohamia Bukavu kwa shangazi yake, aliamua kwamba ajali ni neno jepesi kubeba.

"Leo nimesikia ile miungu ikicheka," Emérence alisema, "nikajua kicheko ile. Musimuite fala. Fala ni mwenye hajui. Huyu alijua, akaweka."

Destin aliinama polepole, akaokota jaketi lake, akalikung'uta vumbi.

"Maman, unisamehe," alisema.

"Sitaki unihurumie. Nataka urudi ndani uone mwisho. Na musipige kelele tena, miye huku nje sitasikia vizuri."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi, na kicheko hicho kilikuwa cha namna nyingine. "Papa Gaston!" Destin alipaza sauti. "Washa! Na utafute nafasi ya maman mbele!" Clémence akalichukua beseni la sambaza na kuliingiza ndani kichwani kama mali ya harusi.

Ndivyo Emérence alivyomwona Komanda Barafu kwa mara ya kwanza. Picha iliporudi ukutani alishika mdomo. "Kumbe ana ndevu nyekundu!" alisema, na benchi zima likaangua kicheko. Hakuwa mrefu sana wala mweusi hata kidogo. Lakini macho yalikuwa yale yale.

Komanda alikuwa amelala katika kibanda cha wavuvi, amefungwa vitambaa. Aliamka, akajaribu kuinua upanga kwa kushoto, ukaanguka. Akajaribu tena, ukaanguka. "Anasikia uchungu," Papa Gaston alitafsiri. "Mukono wake wa kushoto unamuuma."

"Hapana!" Emérence alipaza sauti kabla hajajizuia. "Si ule! Unaouma ni ule haiko! Usiku unasikia vidole, unataka kuvikuna, haviko!"

Papa Gaston alishusha mikrofoni, akamtazama, akaipandisha tena. "Mumesikia," alisema kwa unyenyekevu. "Unaouma ni ule haiko."

Ukumbi ukapiga makofi. Toka hapo, kila Komanda alipougulia maumivu, watu walimgeukia Emérence, naye alisema: sasa anajifunza kufunga kamba kwa meno, sasa anaona aibu ya kukatiwa nyama, sasa, angalieni, ameacha kuona aibu.

Ikafika vita ya mwisho. Majitu ya barafu yalikuwa yanavuka daraja la upinde wa mvua, na ile miungu iliyocheka ilikuwa imejifungia nyuma ya malango. Darajani alibaki mmoja tu. Komanda alivua vazi lililofunika mkono wake uliokatika, akalitupa majini, akachukua upanga kwa kushoto. Haukuanguka.

Destin alisimama juu ya benchi, na Papa Gaston hakumkataza. Ukumbi mzima ulisimama. Kila pigo lilihesabiwa na miguu sakafuni mpaka mabati yakalia. Wanawake walipiga vigelegele, vijana wakakunja mkono mmoja nyuma ya mgongo na kuinua wa kushoto, wakiimba jina la Komanda, na katikati ya wimbo, Emérence hakujua nani alianza, jina likabadilika. Walikuwa wanaimba lake. Alisimama, akainua mikono yake yote miwili, mzima na uliokatika, juu kabisa, akapiga ukelele ambao hakuwa ameupiga tangu usichana wake. Jitu la mwisho likaanguka. Kadutu ikashinda.

Walitoka nje jua likiwa bado kali. Vijana wa Kasha, waliokuja kwa zamu ya pili, walikuwa wamepanga mstari, wamenuna, maana habari zilikuwa zimekwisha kuwafikia kwamba Komanda amekatwa mkono.

"Ni kweli amekuwa bure?" mmoja wao aliuliza.

Destin aliwasha pikipiki yake, akapiga honi mara nyingi, na motari wengine wakamwitikia mteremko mzima hadi sokoni. "Bure?" alisema. "Mukae chini kwanza. Maman atawaelezea."

Clémence alileta kiti kutoka saluni. Emérence alipanda juu yake, mtu akimshika kiunoni asianguke, akatazama nyuso zile zilizoinuliwa kumngoja, kisha akanyoosha mkono uliokatika mbele, mahali ambapo palipaswa kuwa na kinywa cha mbwa-mwitu, akaanza.