Pai Moto na Wafalme wa Bwana Tulk

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hawakuwahi kufika Birmingham. Huko kibaya ndicho kilichojiuza, asubuhi hadi jioni, na kizuri kilifungiwa ndani ya soksi na kufukiwa chini ya kitanda.

Alhamisi moja ya mwaka 1782, Thomasin Yardley alipanga pai zake za kondoo sokoni, na mteja wa kwanza akampa nusu peni mbili za shaba. Thomasin alizipima kwa kiganja. Moja ilikuwa nzito, kingo zake zimekatwa sawasawa, na uso wa mfalme umelika kihalali, kwa kuzunguka mifukoni mwa watu miaka mingi. Ya pili ilikuwa nyepesi, na uchakavu wake ni wa kuzaliwa nao. Mafundi wa mjini walijua kuchonga mfalme aliyekwisha kuchakaa, kisha wakamkaanga kwenye kikaango pamoja na unga wa salfa ili apate weusi wa uzee.

Ili kujiridhisha, Thomasin aliipitisha ile nyepesi juu ya mvuke wa pai.

"Nimezaliwa Ijumaa," mfalme akasema, kwa lafudhi ya watu wa Digbeth, mtaa wa mumo humo mjini. "Kwa Bwana Tulk, ghorofa ya pili."

"Haya, baba," Thomasin akamjibu, akamtupia kwenye kopo la sarafu bandia.

Ile nzito aliipitisha pia. Ilinyamaza. Sarafu halisi zilitoka London, na mfalme wa London haongei na wauza pai.

"Sasa unapokea au hupokei?" mteja akauliza. "Njaa inauma."

"Napokea. Moja nzuri, moja mbaya. Wewe umelelewa."

Hiyo ndiyo ilikuwa desturi ya soko. Serikali ilikuwa imeacha kugonga shaba miaka saba sasa, na chenji haikutosha, kwa hiyo watu walichanganya. Kutoa mbaya hakukumshangaza mtu. Kutoa mbaya tupu kulikuwa ukosefu wa adabu.

Ukosefu huo ndio uliomweka rumande wifi yake, Dorcas. Dorcas aling'arisha vifungo vya makoti kiwandani kwa Bwana Ambrose Tulk, mzee wa kanisa. Jumamosi alipokea mshahara, akaenda kununua unga, akamwaga mezani nusu peni kumi na nne, zote mbaya, hata moja nzuri ya kuzisitiri hakuwa nayo. Muuza unga aliita askari. Alisema hakukasirishwa na shaba, alikasirishwa na dharau. Kesi ilikuwa adhuhuri ya Alhamisi hiyohiyo ya pai, na adhabu yake ni mwaka mmoja katika gereza la Warwick, ambako homa iliua wafungwa kabla hawajamaliza hata nusu yake.

Thomasin alifunga kibanda, akafunika pai moja ya moto kwa vitambaa vitatu, akaenda. Alimkuta Dorcas kwenye benchi nje ya chumba cha hakimu.

"Wifi, umeniletea nini?"

"Pai."

"Naenda kufia Warwick, wewe unaniletea pai?"

"Nani kasema yako? Iguse uone."

"Roho mbaya hiyo ndiyo iliyomuua kaka yangu."

"Kaka yako aliuawa na pombe."

"Alikunywa ili asikusikie."

Walicheka mpaka askari akawanyamazisha. Kisha Dorcas akamshika mkono wifi yake, na hakuuachia mpaka walipoitwa.

Bwana Tulk alikuwa ameketi karibu na hakimu, kwa kuwa walizoea kula pamoja. Aliapa kwamba wafanyakazi wake huwalipa shaba njema, na kwamba Dorcas ameokota uchafu huo kwingine. Zile kumi na nne zilikuwa mezani. Thomasin akaomba ruhusa, akafunua pai, akaikata katikati. Mvuke ukapanda. Akachukua nusu peni ya kwanza.

"Ngoja," karani akasema. "Shahidi aapishwe kwanza."

Mfalme alikuwa na kichwa na shingo tu, hakuwa na mkono wa kuinua. Karani akaigeuza sarafu. Mwanamke aliyechongwa upande wa pili, ameketi na mkuki, aliuweka mkuki wake chini, akainua mkono kwa niaba yake. Karani akaandika kwamba kiapo kimekamilika.

"Wewe ndiye mfalme?" hakimu akauliza.

"Hapana, mheshimiwa. Mimi ni kifungo kilichokosa bahati. Nilizaliwa kwa Bwana Tulk, ghorofa ya pili, mashine ya tatu. Nilikaangwa Ijumaa. Jumamosi nilitiwa mkononi mwa huyu mama, naye akasema, jamani, hata moja nzuri? Wakamwambia achukue au aache."

Waliobaki kumi na watatu waliapa mmoja mmoja, wakasema hayohayo. Pai ilianza kupoa, na wa mwisho alikuwa na sauti ya mafua.

 Hakimu akatamka kwamba neno la bandia linatosha kumwachia mwanamke maskini, lakini halitoshi kumtia hatiani mzee wa kanisa. Kesi ikafungwa. Akaomba ile pai.

Dorcas alibebwa mabegani hadi sokoni. Wanawake wa kiwandani waligonga masufuria, na kila mwenye birika au chungu aliweka sarafu zake juu ya mvuke. Soko zima lilijaa sauti za wafalme: kwa Bwana Tulk, ghorofa ya pili, kwa Bwana Tulk. Muuza unga alimpa Dorcas kibaba cha unga bure, akasema adabu ni kitu cha pande zote mbili.

Jumamosi Bwana Tulk alilipa mishahara kwa sarafu zilezile. Zilipokewa, kwa sababu hapakuwa na nyingine.

Alhamisi iliyofuata alikuja mwenyewe kibandani, na watu wakasogea kusikiliza.

"Umenivunjia heshima mbele ya mji mzima," akasema. "Utaniomba radhi hapa hapa, mbele ya hawa. La sivyo, kesho kibanda hiki hakipo."

Dorcas, ambaye sasa alimsaidia wifi yake kibandani, alikuwa akipanga pai. Bila kuinua macho, alilisogeza kopo la bandia hadi kwenye mvuke, akalifunua.

"Shikamoo, baba!" wakasema wafalme mia mbili kwa pamoja.

 Bwana Tulk alikuwa mtu aliyelelewa vizuri, na salamu huitikiwa.

"Marahaba," akasema.

Watu walishangilia mpaka njiwa wakaruka kutoka kwenye mnara wa kanisa. Yeye alisubiri wamalize, uso umemwiva.

"Bado nasubiri, Thomasin."

Thomasin alifuta mikono kwenye aproni, akamtazama.

"Pai ni nusu peni mbili, bwana, na moja iwe nzuri. Radhi siombi."