Filta Mbili za Motlatsi

Mdogo wangu Motlatsi alifia mtaroni huko Rustenburg, walipokuwa wakilaza mabomba ya maji. Ukuta wa udongo ulimwangukia. Msimamizi wake alinipigia simu nikiwa kaunta, kwenye duka la spea ninakofanya kazi hapa Vanderbijlpark. Nilimsikiliza mpaka mwisho, nikamshukuru, nikamgeukia mteja aliyekuwa akisubiri na kumwuliza gari lake ni la mwaka gani. Alitaka filta ya hewa. Nilimuuzia, tena nikamweleza upande gani unaangalia juu. Ndivyo nilivyokuwa wiki ile nzima. Nilikuwa nimekufa ganzi, na kusema kweli sikuona vibaya.

Watu huniuliza kila siku wachukue filta ipi, ya kiwandani au ile ya kubadilishia. Jibu langu ni moja. Ya kiwandani ni karatasi iliyokunjwakunjwa, inakaa ndani ya boksi jeusi la plastiki, inazuia vumbi na haina maneno. Ile nyingine ni ya pamba, ina umbo la koni, inaoshwa na kupakwa mafuta, inakaa wazi bila boksi, na kazi yake kubwa ni kelele. Wanaosema inaongeza nguvu wanajifurahisha tu.

Motlatsi alikuwa mkubwa wa wanaojifurahisha. Alikuwa na BMW ya zamani ya sura ya boksi, ile ambayo huku kwetu Sebokeng tunaiita gusheshe, na siku aliyotoa boksi la kiwandani na kufunga koni nyekundu tuligombana uani mbele ya majirani.

"Dada, injini nayo inataka kupumua," aliniambia.

"Ipumue vumbi?"

"Wewe unauza filta kama nesi anavyogawa vidonge. Huna raha hata kidogo."

Nililiokota lile boksi nikaliweka chini ya kitanda changu, nikijua ipo siku atalitaka. Hakulitaka. Kila Ijumaa alipotoka kazini gari lilisikika tangu kule madukani, sauti nene inayokoroma kutoka mbele, na mama alianza kupakua chakula kabla hajaona taa.

Alipokufa, rafiki yake Sechaba alikwenda Rustenburg kulifuata gari. Kijana yule anajua heshima. Alilizima mtaa wa pili, akaita wenzake, wakalisukuma mpaka uani ili mama asilisikie. Motlatsi hakuwa ameoa, kwa hiyo mama ndiye aliyekaa godoroni, mahali ambapo mke wa marehemu angekaa. Walitoa kabati na kitanda chumbani kwa mama, wakamtandikia godoro chini, akakaa hapo na blanketi mabegani, wanawake wa kanisani wakimzunguka. Hakutoka. Alijibu salamu, alikunywa chai, basi. Mimi niliingia na kutoka nikihesabu sahani.

Mjomba Phakiso, kaka yake mama, ndiye aliyesimamia kila kitu, kama inavyompasa. Alikuwa amekwenda mwenyewe mpaka kwenye ule mtaro, akasimama ukingoni akamwita Motlatsi kwa jina na kumwambia twende nyumbani, ili roho yake isibaki kule. Aliporudi alitukuta mimi na Sechaba tumeegemea gari. Nyuma yetu wanawake walikuwa wakikata kabichi na kutoa skonzi ovenini.

"Ijumaa, mwili ukiletwa kwa mazishi ya Jumamosi, gari hili litatangulia," alisema. "Hilo nimekubali. Lakini kelele zenu sitaki."

"Mjomba, gusheshe bila sauti ni toroli," Sechaba akasema.

"Basi utasukuma toroli."

"Motlatsi atatucheka."

"Motlatsi amekufa. Dada yangu yuko hai na ana presha." Mjomba akashusha sauti. "Sikilizeni. Akisikia gari lile linaingia, ataamini mtoto amerudi. Atainuka pale godoroni atoke mbio. Halafu akutane na jeneza. Mnataka tuzike wawili?"

Mjomba akanigeukia mimi. "Nthabeleng, hizi ni kazi zako. Linaweza kunyamazishwa?"

Nikasema ndiyo. Nikafikiri kama ninavyofikiri nikiwa kaunta: bomba la moshi ni la kawaida, kelele yote inatoka kwenye koni, ukirudisha boksi na karatasi mpya itakwisha. Jambo rahisi. Sikufikiria zaidi ya hapo, maana hakukuwa na kitu ndani yangu cha kufikiria.

"Dada Nthabi," Sechaba akasema, "ukimfungia hilo boksi, unamzika kabla ya Jumamosi."

"Nenda kasaidie kufunga turubai," nikamwambia.

Nilitoa boksi chini ya kitanda, nikaleta filta mpya ya karatasi kutoka dukani. Nilipofungua koni niliona mikunjo yake imejaa vumbi jeusi. Udongo wa Sebokeng si mweusi hivyo. Nilijua ni wa wapi, na kwamba ni huohuo uliomfukia. Niliukung'uta kwenye ukuta wa choo, nikaiweka koni kwenye kiti cha nyuma, nikakaza boksi mahali pake. Nilipowasha, gari lilinong'ona kama gari la karani. Mjomba akanipa mkono.

Ijumaa nililiendesha mimi. Nilitangulia, gari la maiti likanifuata, kisha padri, kisha vijana na magari yao wakiwa wamekatazwa kugusa honi. Tuliingia mtaani kwetu kimya. Watu walitoka getini kwao, wakatutazama. Nilisimama kando ya turubai, nikazima, na vijana wakatoa jeneza.

Walipofika mlangoni walisimama. Wimbo uliendelea kidogo kisha ukafifia, maana waliokuwa mbele waliacha kuimba.

"Bado," tulisikia mama akisema kutoka chumbani. Dirisha lake lilikuwa wazi. "Msimwingize. Hajafika."

Mjomba aliingia. Nilisimama chini ya dirisha nikasikia kila neno.

"Dada yangu, ndiye huyu. Tumemleta."

"Mmemleta nani? Nimesikia gari la padri. Nimesikia gari la maiti. Nimesikia na kigari kingine sikijui, cha mtu wa benki. La mwanangu sijalisikia."

"Nilikwenda mtaroni mimi mwenyewe. Nilimwita."

"Labda hakukusikia."

"Dada..."

"Phakiso, mimi si mtoto mdogo. Najua amekufa. Nimeketi hapa nikijua, usiku na mchana, na nyinyi mnanyata kama wezi. Ninachosema ni kwamba hajafika. Mwanangu haingii nyumba hii kimyakimya. Nimekuwa nikimsubiri kwa masikio, maana macho mtayaletea sanduku lililofungwa."

Nje, vijana waliobeba jeneza walibadilisha mabega. Jua lilikuwa linashuka, na kwetu mwili lazima uingie ndani kabla halijazama. Mjomba alitoka, akanitafuta kwa macho, na kabla hajafungua kinywa nilikuwa nimeshafungua boneti.

Sechaba alishika bisibisi nyingine bila kuitwa. Nililegeza klipu, nikang'oa boksi, nikalitupa kwenye nyasi. Mikono yangu ilifanya kazi vizuri. Hilo ndilo ninalolikumbuka, jinsi mikono ilivyofanya kazi vizuri, watu wote wa mtaa wakiwa wamesimama na maiti mlangoni. Nikasukuma koni mahali pake, nikakaza skrubu, nikasema, "Sogezeni magari."

Nilirudi kinyumenyume mpaka kule madukani, kwa sababu ndiko alikoanzia kusikika. Kisha nikaja. Gari likakoroma kwa sauti ileile, ikapiga kuta za nyumba upande huu na upande ule, na mbwa wakaanza kubweka kama Ijumaa yoyote. Watoto wakakimbia pembeni yangu. Nilipofika getini nilikanyaga mafuta mara moja, kama alivyokuwa akifanya. Nikaingia uani.

Mama alikuwa amesimama dirishani, blanketi limeanguka. Hakuwa anakimbia kwenda popote.

"Haya," alisema. "Sasa mwingizeni."

Jeneza likaingia. Wimbo ukaanza upya, wanawake wakiwa mbele, ingawa sauti zao nilizisikia kwa shida kwa ajili ya injini. Mjomba Phakiso akaja mlangoni mwa gari, akainama.

"Umefanya vizuri mwanangu. Zima sasa. Ameshafika."

Nilishika ufunguo. Kuwasha nilikuwa nimeweza. Niliutazama mkono wangu, mkono uleule uliofanya kila kitu wiki nzima bila kuniuliza, nao ukakataa.

"Mjomba, siwezi," nikasema. Ndipo kilio kikaja, kikanikunja juu ya usukani, na nikalia kwa sauti ambayo nilishukuru kwamba gari lilikuwa likiifunika.

Mjomba alinyoosha mkono dirishani kuelekea kwenye ufunguo. Kisha akaurudisha. Aliegemea gari kwa mgongo, akafukuza kwa ishara ya kichwa watu waliotaka kuja kunitoa, akabaki hapo na kofia yake mkononi. Petroli haikuwa nyingi. Tuliliacha likikoroma, yeye nje na mimi ndani, mpaka likazimika lenyewe.