Maksi za Theluji

Saluni nzima tulikodolea macho televisheni. Mjukuu wangu alikuwa anateremka mlima wa theluji kwa skii, zile mbao za miguuni, na kocha alishamwambia: usipoingia fainali leo, rudi nyumbani. Kwenye kona akapepesuka.

"Mwanangu anaanguka!" Binti yangu, mwenye saluni, akadondosha kitana.

Mjukuu wangu akajiweka sawa, akamaliza. Namba yake ikatokea, ndogo kuliko za wenzake wote.

"Pole, bibi," mteja akaninong'oneza. "Kapata maksi chache."

Binti yangu akaangua kilio.

"Kitendawili!" nikasema.

"Mama, sasa hivi?"

"Itikia!"

"Haya, tega."

"Tunashindana, mwenye kidogo ndiye mshindi."

Binti yangu akaigeukia televisheni, machozi shavuni.

"Muda! Jamani, ule ni muda! Kaingia fainali!"