Miwani Haivuliwi

Mimi Ottilia nikiwa zamu, miwani haivuliwi. Karakana yetu hapa Mbinga inaunda matangi ya chuma ya kuoshea kahawa, na tunayachomelea kwa leza. Mwanga wake hauonekani kwa macho. Ukigonga bati linalong'aa unaruka, na ukikuingia jichoni, jicho hilo ndiyo basi tena. Kwa hiyo nimeweka pazia zito, taa nyekundu, na miwani ya kijani kwa kila anayeingia. Wananiita Mama Miwani. Waniite tu.

Jumatatu akaja Mzee Hyasinti wa Kitura, baba wa mwenye karakana. Taa inawaka, yeye akafunua pazia akaingia na fimbo yake, kama anaingia shambani kwake. Fundi Damiano alikuwa anachomelea, kainama, hana habari. Tobias, aliyemshikia bati, alimwona mzee na papo hapo akapeleka mkono kwenye miwani. Huku kwetu mzee haamkiwi ukiwa umefunika macho. Nilikuwa nimewafundisha yote isipokuwa hilo, na kosa lilikuwa langu.

Nikagonga kitufe cha kuzimia. Leza ikakatika, miwani ya Tobias ikiwa ndiyo kwanza inafika kwenye paji la uso.

"Shikamoo, baba," nikasema, miwani yangu usoni.

Mzee hakuitikia. "Binti, unaniamkia na hayo madude?"

"Ndiyo, baba. Tobias angevua kwa heshima yako, angepofuka. Na wewe pia. Vaa hii, au utoke nje."

Mzee Hyasinti hata padri hamwambii atoke. Akagusa jicho lake la kushoto, lile lililotobolewa na tawi la mbuni miaka mingi iliyopita.

"Nimebaki na moja tu," akasema, akapokea miwani, akaivaa juu chini. Nikamgeuzia.

Tukawasha tena. Mzee alikuwa ameinama akitazama tangi pale Lidia wa stoo alipoingia na misumari, miwani usoni kama nilivyomfundisha. Alipomwona mzee, mkono ukaanza kupanda.

Fimbo ikatangulia, ikauzuia mkono hewani.

"Acha hapo hapo," mzee akasema. "Sasa niamkie."

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nakuona vizuri."