Nyongeza ya Mama Mkwe

Mama mkwe aligombana na ile fomu ya forodha tangu siku ilipoingia nyumbani.

"Viatu vyangu vinaulizwa maswali kuliko bwana harusi," alisema, akikata uzi kwa meno. "Vimetengenezwa na nini, vimetoka wapi, vina uzito gani. Bado kuulizwa vimekula nini."

"Hilo nalo linakaribia, Mama," mkwe wake alijibu bila kuinua uso. "Wanataka kujua ngozi ni ya mnyama gani."

Mama mkwe akaguna, akarudi kwenye gidamu ya ndala aliyokuwa akiishona. Kwake yeye, anayetaka kujua ngozi ni ya mnyama gani aishike. Ndivyo walivyofanya wateja wake wote tangu enzi za marehemu mumewe, hapo hapo kwenye chumba cha mbele kinachonuka gundi, chenye dirisha linaloangalia barabara na meza iliyochanjwa visu mpaka haina tena pa kuwekea kikombe kikasimama sawasawa.

Sasa tuseme ukweli, huyu mkwe hakuwa fundi. Ukimpa shazia atajidunga mwenyewe kabla hajaidunga ngozi. Kazi yake ilikuwa ofisini, kuchapa barua za watu wengine akiwa ameuelekea ukuta, na kazi hiyo aliichukia kwa moyo wote. Mumewe alikuwa fundi bomba kwenye miradi ya mbali. Nyumbani anafika mwisho wa mwezi, anakula, analala, anaondoka. Wanawake wawili ndani ya nyumba moja, watu wakasubiri vurugu wakachoka kusubiri. Mkwe alianza kwa kuvipiga picha viatu na kuviweka mtandaoni, mchezo mchezo, hadi mwanamke mmoja mwenye duka huko ng'ambo akaandika: nitumieni jozi kumi, zifike kabla sijafungua duka kwa msimu wa joto, na nikiridhika nitachukua kila msimu.

Basi mkwe akaomba likizo bila malipo. Bosi wake akamwambia kiti kitamsubiri hadi mwisho wa mwezi, baada ya hapo kitapata mwenyewe. Naye akamweleza mama mkwe waziwazi: mzigo huu ukifika salama na mwenye duka akaridhika, ofisini sirudi, tutaifanya kazi hii pamoja. Ukikwama, narudi kule.

"Sawa," mama mkwe akasema, na kuomba apewe nyundo.

Hilo "sawa" lilimchoma mkwe. Si kwamba alitaka kubembelezwa. Alitaka kuambiwa "baki", mara moja tu, hata kwa sauti ile ile ya kuombea nyundo. Hakuambiwa. Akashika kalamu.

Na fomu aliijaza, si mchezo. Alijifunza kwamba huwezi kuandika "viatu" ukaondoka zako. Unaandika: ndala za wanawake, ngozi ya ng'ombe iliyotiwa dawa, zimeshonwa kwa mkono. Alijifunza kwamba kila bidhaa duniani ina namba yake ambayo watu wa forodha wanaijua hata kama hamzungumzi lugha moja, akaitafuta namba ya ndala za ngozi mpaka akaipata. Aliandika bei ile ile aliyolipwa, wala hakuipunguza. Fundi cherehani wa nyumba ya pili alikuja kutoa ushauri asioombwa: andika "zawadi", wenzako ndivyo wanavyofanya, mteja hatalipa ushuru.

"Vimenunuliwa," mkwe akasema. "Kitu kilichonunuliwa si zawadi. Mimi siwezi kuanza biashara na watu kwa kuwadanganya."

Fundi cherehani akaenda zake. Mama mkwe alikuwa akisikiliza.

Siku ya kufunga mzigo, mkwe aliazima mizani kwa muuza nyama. Akapanga ndala kwenye boksi, kila jozi na karatasi yake, akapima, akaandika uzito, akaweka nakala ya ankara juu ya viatu na nyingine mbili akazitia kwenye mfuko wa plastiki wa kubandika nje. Kisha akatoka kwenda kurudisha mizani, maana muuza nyama alikuwa ameshatuma salamu mara mbili.

"Nenda, nitafunga mimi," mama mkwe alimwambia.

Aliporudi boksi lilikuwa limezungushwa utepe wa gundi kila upande. Mama mkwe akifunga kitu, kimefungwa.

Posta kulikuwa na karani mmoja mwenye miwani iliyoshuka puani, mtu wa kusoma kila mstari. Alisoma ankara, akasoma fomu, akatikisa kichwa kwa kuridhika, na mkwe akavimba kichwa kidogo. Kisha akaweka boksi kwenye mizani.

"Uzito umezidi ulioandika. Kidogo tu. Umesahau kitu?"

"Hapana, kaka. Nilipima kwa mizani ya bucha."

"Una uhakika hakuna kingine ndani?"

"Nimepanga kwa mikono yangu."

Karani akamwambia arekebishe uzito, atie sahihi pembeni. Akarekebisha, akatia sahihi. Angefikiri kidogo tu angejiuliza tangu lini mizani ya bucha ikapunguza uzito. Mizani ile kazi yake ni kuongeza. Mtaa mzima unajua. Lakini furaha nayo hupumbaza, na bibiye alitoka pale posta akitembea kama mtu aliyefaulu mtihani.

Siku zikapita, kila asubuhi anafungua simu na kuangalia namba ya mzigo. Umeondoka. Umefika nchi ya pili. Halafu asubuhi moja, amekaa kwenye ngazi ya mlango na kikombe cha chai, akakuta: umezuiwa forodhani. Akafungua barua pepe. Ilisema vilivyomo haviendani na maelezo ya mtumaji. Ndani kumekutwa kitu ambacho hakikuandikwa: kipochi cha ngozi ya mbuzi chenye manyoya yake. Bidhaa ya mnyama ya namna hiyo haiingii bila hati ya daktari wa mifugo.

Aliisoma tena na chai ikapoa mkononi. Kipochi? Mbuzi? Akadhani wamechanganya mzigo wake na wa mtu mwingine. Akaingia ndani.

"Mama, kuna kipochi chochote unachokijua?"

Mama mkwe alikuwa akipaka soli gundi. Hakuacha kupaka. "Nyongeza ile. Kimefika?"

Mkwe akakaa.

"Mama, uliweka kitu kwenye boksi."

"Niliweka nyongeza. Mtu amenunua jozi kumi kwa mpigo, hajatuona, hajatujua, ametuma pesa yake mbele. Unamwachaje aende mikono mitupu?"

"Mikono mitupu na jozi kumi?"

"Hizo amelipia. Nyongeza ndiyo tunayompa sisi." Mama mkwe alisema kama anayemweleza mtoto mdogo. "Mimi tangu nianze kushona sijawahi kumtoa mteja mlangoni na alicholipia peke yake. Kamba ya kiatu, kipande cha ngozi cha kufutia, chochote. Ndiyo maana wanarudi."

Hapo mkwe akapasuka. Alisema yote. Kwamba amekesha na ile fomu, amekataa kuandika uongo, kumbe uongo ulikuwa ndani ya boksi na sahihi yake juu yake. Kwamba huko hakuna mtu wa kupokea nyongeza, kuna mtu wa kuhesabu. Kwamba duka litafunguliwa bila viatu, na yeye atarudi kukaa mbele ya ule ukuta mpaka anazeeka. "Na wewe utasema sawa," akamalizia. "Umeshasema. Hukujali tangu mwanzo."

Mama mkwe aliweka brashi chini. Akatoka uani, akasikika akifua kitu ambacho mkwe alijua fika kilifuliwa jana.

Hasira haikuzuia kazi. Mkwe alikwenda posta na barua pepe ile, karani akaisoma kila mstari, miwani ikishuka.

"Haijaharibika yote," alisema. "Viatu havina shida. Mnaandika ankara mpya inayokitaja kipochi, na barua ya kueleza kosa. Kipochi chenyewe hakiwezi kupita, na hati ya daktari wa mifugo huwezi kuipata baada ya mzigo kuondoka. Mtumaji anasaini kwamba ameridhia kiteketezwe, viatu vinaachiwa."

"Nisaini wapi?"

"Hii anasaini mwenye biashara. Leseni ina jina la nani?"

Ilikuwa na jina la mama mkwe.

Mkwe akarudi na karatasi. Akaisoma kwa sauti, polepole, mama mkwe akisikiliza na mikono yake mapajani. Alipofika kwenye neno la kuteketezwa, yule mama akamkatiza.

"Kuteketezwa ni kuchomwa moto?"

"Ndiyo, Mama."

"Hawawezi kukirudisha?"

"Wakirudisha wanarudisha boksi lote."

Mama mkwe akaichukua kalamu, akaiweka. Akaangalia ukutani, pale kwenye msumari ambapo tangu mkwe aolewe palikuwa pamening'inia ngozi ndogo ya mbuzi, ya madoa meupe na kahawia, ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Marehemu baba mkwe aliitayarisha kwa mkono wake mwaka aliougua, akasema itapata kazi yake. Msumari ulikuwa mtupu. Mkwe hakujua umekuwa mtupu tangu lini. Alikuwa ameshughulika na namba za ndala.

"Uliikata ile," akasema.

"Niliikata."

"Kwa ajili ya mtu tusiyemjua?"

"Kwa ajili ya mtu nisiyemjua nina kamba za viatu tele," mama mkwe akasema kwa ukali. "Ulisema akiridhika hurudi kule. Mimi kuandika siwezi, kupiga picha siwezi, hizo namba zako sizijui. Ningefanya nini tena? Nilimpa kitu ambacho hakuna mwenye duka angekipata akanyamaza." Akavuta pumzi. "Nilisema sawa kwa sababu wewe ni mtu mzima na kazi ni yako. Nikikwambia baki halafu biashara ife, utasema mama mkwe alinizuia. Lakini nataka ubaki. Haya, umesikia. Lete kalamu."

Akasaini. Mkono wake uliozoea shazia uliibonyeza kalamu mpaka karatasi ya chini ikapata alama.

Mkwe alilia, na sioni sababu ya kumficha. Alilia akiwa amekishika kile kiganja kigumu chenye harufu ya gundi, na mama mkwe akamwacha alie kidogo, kisha akamwambia posta hufungwa mapema.

Siku ya kiti ilifika mzigo ukiwa bado forodhani. Bosi alipiga simu, akauliza kama anakuja. Makubaliano yao unayakumbuka: mzigo ukikwama, anarudi. Na ulikuwa umekwama. Mkwe aliitazama meza ile yenye makovu, akamtazama mama mkwe aliyejifanya hasikii huku nyundo imesimama hewani, akasema, "Asante sana, bosi, kiti mpeni mwingine." Nyundo ikashuka ikaendelea na kazi.

Viatu viliachiwa, vikafika duka limeshafunguliwa. Mwenye duka alinung'unika kwa aya nzima, na alikuwa na haki. Mwishoni akaandika kwamba vimeanza kununuliwa, watume vingine, safari hii kwa wakati.

Kwa hiyo wakaenda posta wote wawili, mama mkwe amevaa nguo ya kutokea na boksi amelishika mwenyewe. Karani akasoma kila mstari. Kwenye mstari wa mwisho akasimama.

"Kamba za viatu, ngozi ya ng'ombe iliyotiwa dawa, jozi moja, nyongeza. Hapa kwenye thamani mmeacha wazi."

"Haiuzwi," mama mkwe akasema.

"Naelewa, mama. Lakini forodha haikubali sufuri. Kila kilichomo lazima kiwe na thamani."

"Basi andika bei ya kamba za dukani."

Karani akaandika, akapima, na uzito ukalingana na ulio kwenye fomu. Akagonga muhuri. Alikuwa ameikumbuka kesi yao, kwa hiyo akauliza, kwa kutaka kujua tu, ile nyongeza ya kwanza iliyochomwa waliiandikia thamani gani.

"Huyu aliweka bei ya jozi moja ya ndala," mama mkwe akasema, akimwonyesha mkwe wake kwa kidevu. "Hapo alikosea kuhesabu. Ile ndiyo iliyonibakishia yeye."

Mkwe akainama, akajifanya anatafuta risiti kwenye mkoba, na risiti alikuwa ameishika mkononi.