Foleni Mbili za Sukari

Refa ambaye hajatukanwa bado hajachezesha mpira. Gregori Chilumba alilijua hilo kuliko mtu yeyote Temeke. Tangu avae kaptura nyeusi na kutundika filimbi shingoni, alishaitwa mwizi, mla rushwa, mkwe wa kipa, na zaidi ya yote kipofu. "Refa kipofu" aliipokea kama salamu. Wazee wengine wanapewa shikamoo njiani. Yeye Jumamosi jioni, uwanja wa Mikoroshini, alipewa hiyo, naye akaitikia marahaba kimoyomoyo na kuendelea kukimbia.

Mpaka siku ya nusu fainali ya Kombe la Mbuzi, mwaka ule sukari ilipokuwa inatafutwa kwa tochi.

Ilikuwa dakika za mwisho. Kijana mmoja wa Tandale akaachia shuti, Gregori akatazama golini, na goli halikuwepo. Kulikuwa na ukungu tu, na ndani yake milingoti imenenepa na kulegea kama mishumaa iliyosahaulika juani. Mpira ukaingia kwenye ukungu ule ukapotea. Nyavu uwanja haukuwa nazo. Akasikia watu wa Tandale wanashangilia, naye akapuliza: goli. Kumbe mpira ulipita nje ya mlingoti hatua nzima, ukaenda kupindua sufuria la mihogo la mama aliyekuwa anauza pale nyuma.

"Refa kipofu," wakapiga kelele watu wa Keko, ambao ndio walikuwa wanafungwa.

Maneno yalikuwa yaleyale ya kila Jumamosi, ila safari hii Gregori hakuitikia marahaba. Safari hii walikuwa wanasema kweli. Bahati nzuri Tandale walikuwa wanaongoza kwa mabao mawili, kwa hiyo goli lile halikubadilisha aliyeshinda. Lilibadilisha usingizi wa refa.

Fainali, Tandale na Kiwalani, ilipangwa Saba Saba, na wa kuichezesha alikuwa yeye. Mtu asiyemjua angesema si mwachie mwingine filimbi, bwana, yaishe. Lakini Jumatatu mpaka Ijumaa Gregori alikuwa mpiga msasa kwenye karakana ya samani, mtu wa kuambiwa leta, shika, sogea. Jumamosi akipuliza, wanaume ishirini na wawili wanasimama. Hicho kitu mtu haachii hivihivi.

Na ajabu yenyewe ni kwamba Jumatatu iliyofuata alikuwa anaona vizuri tu, hata sisimizi ukutani. Wahenga walisema macho hayana pazia. Ya Gregori yalikuwa nalo, tena linafungwa na kufunguliwa na mtu asiyemjua.

Akamweleza Jabiri, muuza kahawa, ambaye siku za mechi ndiye mshika kibendera wake. Jabiri akasema hilo ni vumbi la msasa, anawe macho kwa maji ya mwarobaini. Gregori akanawa, macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyefiwa. Jirani mmoja akasema ni kijicho cha watu. Mkewe, Filomena, yeye alisema ni umri tu, maana hata yeye siku hizi uzi anautunga kwenye sindano kwa kubahatisha.

Basi siku moja ukungu wa macho ulipomrudia Gregori akaenda Kariakoo kwa mchuuzi wa miwani, akajaribu hii, akajaribu ile, mpaka akapata moja iliyomwezesha kusoma kibao cha ng'ambo ya barabara. Akarudi nayo kifua mbele. Jumamosi yake palikuwa na mechi ya kirafiki, akaingia nayo uwanjani. Akaruka shimo ambalo halikuwepo, akatua kwenye lililokuwepo. Alipoivua, akashangaa anaona vizuri bila hiyo.

"Braza Grego," Jabiri alisema akimnyanyua, "hiyo miwani umenunua au umepewa na adui?"

Ijumaa moja Filomena alirudi kutoka duka la ushirika na kilo moja ya sukari. Alikuwa amepanga foleni tangu alfajiri, akabadilishana na jiwe alilolivika kanga yake limshikie nafasi wakati anakwenda kubandika maharage. Nyumbani ikawa sikukuu. Gregori hakuwa mnywaji wa pombe, lakini chai yake ilikuwa inawekwa sukari mpaka kijiko kinataka kusimama chenyewe. Akanywa kikombe, akanywa na cha pili kuaga cha kwanza. Kiu haikuisha, akateremsha na maji kata nzima.

Kulipokucha ukungu umerudi. Akaenda chooni akipapasa, akiwa ameshikilia kaptura ambayo siku hizi ilikuwa inamvuka kiunoni. Akainama kabisa sakafuni kuangalia pa kukanyaga, ndipo akawaona sisimizi. Walikuwa wamejipanga mstari mmoja, wametulia, hawasukumani, kutoka ufa wa ukuta mpaka pale alipokojoa usiku. Ilikuwa foleni kabisa, tena yenye adabu kuliko ya dukani.

Gregori akacheka peke yake mle chooni. Halafu akaacha kucheka. Wiki ambayo duka halikuwa na sukari, hapa napo hapakuwa na foleni, na macho yalikuwa salama. Siku ya nusu fainali je? Sukari ilikuwa imeingia siku moja kabla. Na ile siku aliyonunua miwani, asubuhi yake alikunywa uji wa msibani, mtamu kama harusi.

Alimsimulia Filomena akitegemea naye atacheka. Filomena akafunga kanga.

"Baba Yustina, vaa shati. Tunakwenda kwa Sista Tekla sasa hivi."

Tekla alikuwa nesi wa zahanati ya mtaani kwao, mwanamke mrefu wa Bukoba, anayeuliza maswali kama karani wa sensa. Ukungu unaingia jicho moja au yote? Yote, sista. Macho yanauma? Unaona vimulimuli? Kichwa kinagonga upande mmoja?

"Hapana, sista. Ni kiu tu, na kukojoa, na kaptura inavuka."

"Hayo nilikuwa sijauliza bado," Tekla alisema. "Asante kwa pasi."

Akampima presha, ikawa nzuri. Huku anafanya kazi akawa anawaeleza kwamba macho yanayokuja na kuondoka yana wazazi wengi. Kuna ya presha, kuna ya kipandauso, kuna ya jicho kukauka kwa jua na vumbi, kuna mtoto wa jicho, na kuna ya mtu anayehitaji tu miwani ya kweli, ya kupimwa. Gregori akaielewa kwa lugha yake: ukungu ni filimbi, unajua imepulizwa, lakini faulo ni ipi mpaka uangalie.

Kisha akampa kichupa, Gregori akaenda uani akarudi nacho. Tekla akachukua dawa ya buluu kwenye kibomba chembamba cha kioo, akadondosha humo matone ya ule mkojo, akakishika kwa koleo juu ya taa ya spiriti. Gregori, ambaye maisha yake yalikuwa ni kuwaonyesha wengine kadi, safari hii akawa wa kuonyeshwa. Buluu ikawa kijani. Kijani kikawa njano.

"Hiyo onyo," Gregori akasema.

Tekla akaendelea kutikisa. Njano ikaiva, ikaiva, ikawa nyekundu kama tofali.

"Na hiyo natoka nje."

"Hutoki," alisema Tekla. "Kinachotoka ni sukari. Wewe unabaki uwanjani, ila sasa unacheza kwa sheria."

Akamweleza kwamba foleni ya dukani haikumletea ugonjwa. Kisukari alikuwa nacho, vikombe vyake vilikuwa vinakichochea tu. Sukari ikipanda na kushuka mwilini, lenzi ya jicho nayo inavimba na kunywea, ndiyo maana miwani ya siku hii inakuwa adui siku ile. Asinunue nyingine mpaka sukari itulie wiki kadhaa. Akamwandikia aende hospitali kubwa apimwe damu, daktari ampe vidonge, na wamtazame nyuma ya jicho, kwa sababu kule kisukari kinaharibu polepole bila hodi. Chai bila sukari. Soda, kashata na tende akaziage. Ugali upungue, mboga na maharage vizidi, na kukimbia asiache. Mwanzoni macho yatasumbua bado, asitishike.

"Ila siku jicho likizima ghafla, au mdomo ukipinda, au mkono ukilegea, usingoje mwarobaini wa mtu. Kimbia hospitali saa hiyohiyo."

Gregori akafanya yote. Hakufanya kwa furaha. Chai ya mchaichai bila sukari aliinywa siku za kwanza kama mtu anayetoa ushahidi. Akamwambia Jabiri ukweli wote, wakapatana: siku ya fainali atasimama katikati ya uwanja asome kibao cha duka la ushirika kule ng'ambo. Akishindwa, filimbi anashika Jabiri.

Jioni ya kuamkia Saba Saba, katibu wa Kiwalani, kijana aitwaye Leodegar, akabisha hodi na mfuko wa karatasi.

"Shikamoo mzee. Wachezaji wamesema tukuletee cha kuchangamsha chai."

Kilo mbili, nyeupe. Mwaka ule kwa kilo mbili ungeweza kuposa. Gregori akaitazama, mate yakamjaa.

"Leodegar, kesho unataka refa anayeona au asiyeona?"

Leodegar akafikiri kwa dhati. "Inategemea, mzee. Mpira ukiwa upande gani?"

Gregori akacheka mpaka akashika ukuta, kisha akamrudishia mfuko wake. Filomena aliusindikiza kwa macho mpaka ukakata kona, kama mtu anayeaga ndugu stesheni.

Kesho yake uwanja ulifurika. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye mkorosho, anatafuna bango la mashindano. Gregori akasimama katikati, filimbi iko mkononi kwa Jabiri.

"Duka la Ushirika Mikoroshini," Gregori akasoma. "Uhuru ni Kazi."

"Hayo hata mie nimefumba macho nayasoma. Kuna maneno ya chaki chini yake, yameandikwa asubuhi hii. Soma hayo."

Gregori akakaza macho. Kwa muda hapakuwa na kitu. Halafu herufi zikasimama moja moja.

"Sukari ipo. Mwisho kilo moja."

Jabiri akamvalisha filimbi shingoni, akaenda zake pembeni na kibendera.

Tandale walikuwa wanaongoza bao moja, dakika zimebaki kidogo, pale mshambuliaji wa Kiwalani alipoachia shuti golini kulekule. Gregori aliuona mpira wote. Aliona mpaka uzi uliofumuka ubavuni mwake. Ukapita nje ya mlingoti kiganja kimoja, yule mama akainua sufuria lake la mihogo mapema. Kiwalani nzima ikaruka juu kushangilia. Gregori akanyoosha mkono: mpira umetoka, kipa apige.

"Refa kipofu," Kiwalani wakapiga kelele, na sauti ya Leodegar ilikuwa juu ya zote.

Gregori akageuka kukimbilia katikati, meno nje.

Marahaba, akaitikia moyoni. Marahaba, wanangu.