Kitanda cha Gesti

"Vuta! Vuta mpaka shuka ilie," Reshma alisema, mikono kiunoni. "Hiyo kona unaikunja kama mtu anafunga mandazi kwa gazeti."

Kamene alipiga magoti tena, akaisukuma kona chini ya godoro na kuilainisha kwa kiganja. Mgongo ulikuwa unawaka moto. Miaka yote ya ndoa hakuna aliyewahi kumkosoa kutandika kitanda, na leo anafunzwa kama msichana wa kazi! Lakini aliihamia kona ya pili. Reshma, ambaye mtaa mzima wa Satellite ulimwita Mama Krish, alikuwa na gesti kubwa upande wa Kabiria, na alikuwa amempa Kamene wiki moja ya kujaribu. Akiiweza kazi, wageni wanaokosa nafasi kule wataletwa kwake.

"Mgeni hataki kujua kuna mtu alilala hapa kabla yake," Reshma aliendelea. "Akiingia, aone kama hakuna mtu amewahi kulala. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Chai na mayai ni baadaye."

"Sawa, Mama Krish."

"Na wa leo ni nani?"

"Mama mzee tu. Anakuja matibabu."

Hakusema zaidi, kwa maana mama huyo alikuwa mamake mzazi, na gesti yote hiyo, kibao cha getini, taulo mpya na sabuni ndogondogo, ilianzishwa kwa ajili yake.

Mwaitu, kama Kamene alivyomwita mamake kwa Kikamba, alikuwa na saratani ya koo. Kila siku ya kazi alitakiwa kuwa hospitalini Nairobi apigwe miale, wiki baada ya wiki. Alitoka kwake Masii, huko Ukambani, kukiwa giza na kurudi kukiwa giza, hadi siku moja miguu ikamwishia steji, watu wakamwokota. "Nimechoka, Kamene," alisema kwenye simu. "Hiyo mashine nitaiacha." Na Mwaitu hakuwa mtu wa kutisha watu.

Nyumba ya bintiye ipo papa hapa mjini, utasema. Ipo, lakini ni nyumba ya mkwe. Mwaitu na Kiilu, mumewe Kamene, hawakuwa wamewahi hata kushikana mikono. Kwa mila yao mkwe na mama mkwe huepukana; wakikutana njiani, mmoja alipisha na macho yakaangalia kando. Ataanzaje kulala kwake? Na zile lojing za mjini, je? Mama wa kanisa aonekane akitoka lojing asubuhi! Afadhali kifo.

Basi Kamene akapata wazo: nyumba ikiwa gesti, si ya mkwe tena. Ni ya biashara, na anayelala humo ni mgeni kama wageni wengine. Mwaitu alilitafakari jambo hilo kwa muda mrefu.

"Kama ni gesti kweli," akasema mwishowe, "nitakuja."

Kwa hiyo ilibidi iwe gesti kweli. Wageni wawili walikuwa wameshapita, mmoja akasifu chapati, mwingine akanung'unika kuhusu maji ya moto. Picha ya harusi ilishushwa ukutani. Kiilu, mtu wa maneno machache, alichukua mswaki wake bila kuambiwa.

"Mimi nitakuwa nalala kwa rafiki yangu Lazarus, kule Kinoo," alisema. "Mama asiwe na wasiwasi. Hata kofia yangu hataiona."

Mwaitu alifika jioni, leso imezungushwa shingoni kuficha ngozi iliyoungua. Alisimama mlangoni. Akaangalia ukuta, akaangalia nyuma ya mlango, akaangalia pale viatu hukaa.

"Mwenyewe hayuko?"

"Hayuko, Mwaitu. Hapa ni gesti."

"Haya."

Akaingia. Alikunywa uji kidogokidogo, kila funda likimuumiza, halafu Kamene akamwongoza chumbani. Mwaitu alilibonyeza godoro kwa vidole viwili. Uso wake ukalegea kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze, na Kamene akahisi kama ameshushiwa gunia begani.

"Kitanda kizuri hivi, mlikitoa wapi?"

"Ni chetu, Mwaitu!" Furaha ilimponyoka. "Ndicho kizuri kuliko vyote humu ndani, nikakileta huku. Mimi nalala kwa kile cha watoto."

Ee Kamene! Ulimi huo! Kofia imeondoka, mswaki umeondoka, picha imeshushwa, na kitanda chenyewe, kitanda cha mkwe, ndicho umemtandikia mama mkwe! Wala hakukiona alichokifanya. Aliona tu mkono wa Mwaitu ukiondoka polepole juu ya blanketi.

"Asante, mwanangu," Mwaitu alisema. "Nenda ukapumzike."

Asubuhi Kamene alimkuta mezani ameshavaa, macho mekundu.

"Umelala, Mwaitu?"

"Nimelala."

Yai alilimega mara mbili akalisukuma kando. "Leo nikitoka hospitali nitaenda nyumbani."

"Na kesho?"

"Kesho tutaona." Alichukua begi lake akatoka kwenda kungoja teksi getini, kwenye baridi ya Julai.

Reshma alikuwa anaingia kukagua. Alipita moja kwa moja chumbani, na sauti yake ikajaa nyumba.

"Aai, Kamene! Mgeni bado yuko getini na wewe umeshatandika? Ona kona! Ona hiyo! Kama hakuna mtu amewahi kulala. Sasa kazi umejua. Jumatatu nakutumia wageni."

Kamene hakuwa amekigusa kitanda hicho. Aliitazama shuka iliyovutwa, mto usio na alama ya kichwa. Kisha akakiona kiti cha mbao kimesogezwa karibu na dirisha, na taulo la wageni limekunjwa juu yake kama mto wa kukalia, limebonyea katikati.

Aliketi sakafuni akalia kwa sauti. "Nimemkeshesha mama yangu mgonjwa kwa kiti," alisema. "Kwa mdomo wangu mwenyewe." Akamweleza Reshma yote, maneno yakigongana na kamasi.

Reshma alimwinua kwa mkono. Halafu akasema, "Mimi niko na kitanda ya kukunja, mpya, haijalaliwa na mtu. Toeni hii."

Kiilu alikuta mambo yakiwa hivyo aliporudi kutoka Kinoo, akidhani mama ameshaondoka. Alikuwa amepita kando ya geti ameinamisha kichwa, na Mwaitu akamgeuzia mgongo, kama ilivyo heshima. Mkewe alipomaliza kumweleza, hakuuliza swali. Alileta spana akapiga magoti, na kitanda alichokinunua akiwa bwana harusi kikaanza kufunguka. Walikitoa uani kipande kwa kipande, Reshma akishika upande mmoja na kulalamika juu ya kucha zake.

Teksi ilifika ikapiga honi. Mwaitu hakugeuka. Alisimama akiipa nyumba mgongo, begi mkononi, akisikiliza mbao za kile kitanda zikilazwa kwenye nyasi nyuma yake.

Honi ililia tena.

Akainama, akaliweka begi chini ya kibao cha gesti, upande wa ndani wa geti, limngoje jioni. Akalisukuma kwa mguu lisije likanyeshewa, akaingia kwenye teksi.